Swali Nililomuuliza Baba Mbele ya Watu

Baba yangu alikuwa na ndugu watatu wa tumbo moja. Wote waliishi mwendo mfupi kutoka kwetu, na wote walipokuja walipiga hodi na kusubiri waitikiwe. Mtu aliyeingia bila hodi, akafunua chungu jikoni na kuuliza nani aliyezidisha chumvi, hakuwa wa ukoo wetu hata kidogo. Alizaliwa Rubafu, kaskazini mwa mji wa Bukoba, na sisi tulikuwa watu wa vilima vya Nshamba, upande wa Muleba. Nilimwita baba mdogo tangu nilipojua kusema, na nilikuwa msichana mkubwa wa shule kabla sijaelewa kwamba hatukuwa na nasaba naye.

Undugu wao ulianzia kwenye safari ya Buganda. Siku hizo vijana wengi wa Kihaya walivuka kwenda huko kutafuta kibarua kwenye mashamba ya pamba, na hao wawili walijuana huko kazini. Wakati wa kurudi Baba alishikwa na ugonjwa wa tumbo, akawa hawezi kusimama. Wenzake wa Nshamba walimlaza kwenye kibanda cha wasafiri, wakasema watatuma watu wa kumchukua, wakaenda zao. Yule wa Rubafu alibaki. Alimbeba mgongoni, akampumzisha, akambeba tena, siku mbili nzima mpaka kivuko cha Kyaka, na nguo za Baba zilipochafuka alizifua yeye kwa mikono yake. Baba hakupenda kuisimulia habari hiyo kwa urefu. Alisema tu, "Alinifulia," na mwenye akili alielewa.

Babu alipoona mwanawe amerudi hai aliwafanyia mukago, yaani desturi yetu Wahaya ya kuwafanya watu wawili kuwa ndugu wa damu. Tunda moja la kahawa huwa na punje mbili. Kila mmoja alichanjwa kidogo karibu na kitovu, punje yake ikapakwa damu yake, akaiweka kiganjani, na mwenzake akaiokota kwa midomo akaimeza. Mzee aliyesimamia akataja masharti: usimnyime, usimseme vibaya, usimwache njiani, na ukimsaliti tumbo lako livimbe. Kuanzia hapo mke wa huyu humpikia yule bila kuuliza sababu, na watoto wao huhesabiwa kuwa watoto wa baba mmoja. Kwa hiyo watoto hao hawaoani. Sharti hilo mzee hakulitaja, maana hakuna mtu anayehitaji kuambiwa kwamba haoi dada yake.

Baba wakati huo alikuwa amekwisha kubatizwa, na kanisa letu la Kilutheri lilikuwa linakataza mukago waziwazi. Lakini Babu hakuwa Mkristo, na Baba hakuwa na ubavu wa kumkatalia. Babu akamkatia yule mgeni kipande cha kibanja, migomba na mibuni yake ikiwemo, naye akaoa na kutulia papo hapo Nshamba. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alipelekwa Rubafu akiwa mdogo ili akae na bibi yake aliyekuwa peke yake. Mtoto huyo nitamrudia.

Uamsho ulipotufikia nilikuwa darasa la nne. Ulitokea upande wa Uganda na Rwanda, ukashuka kupitia vijiji kama moto wa kiangazi, na walioguswa waliitwa walokole. Hawa walikuwa na neno lao, kuweka mambo nuruni. Maana yake ni kusimama mbele ya wenzako na kutaja dhambi zako moja moja bila kuzifunika. Sisi watoto tulifurahia mno. Jirani yetu mmoja alirudisha jembe aliloiba miaka mingi nyuma, na mwenye jembe, ambaye alikuwa hajui kama ameibiwa, akamkasirikia upya. Mama mmoja alikiri mbele ya mumewe mambo ambayo mume angependa ayasikie wakiwa wawili tu. Nacheka sasa, lakini nilimwona Baba akiacha pombe siku moja na asiirudie tena, na nilimwona akimwomba Mama msamaha kwa kumpiga. Jambo hilo silichezei.

Baba na baba mdogo waliokoka mwezi mmoja. Kiongozi wa ushirika wetu wa walokole alikuwa fundi cherehani pale sokoni Nshamba, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa, na yeye ndiye aliyewaambia kwamba mukago lazima uwekwe nuruni. Mtu aliyeoshwa kwa damu ya Yesu hawezi kuendelea kushikiliwa na damu nyingine. Jumapili moja wakasimama bega kwa bega mbele ya kanisa lote wakaukana. Walisema kwamba kilichofanywa kwa punje za kahawa kilikuwa kazi ya giza, kwamba hawakitambui tena, na kwamba sasa wao ni ndugu katika Bwana, basi. Watu wakaimba. Tulipofika nyumbani baba mdogo aliingia kama kawaida yake, akaketi chini, na wao wawili wakala matoke kwenye jani moja la mgomba huku wakibishana kuhusu mbuzi aliyekula miche. Mama aliwatazama akatikisa kichwa.

Tangu hapo kila mtu kwetu alikuwa ndugu. Fundi alikuwa ndugu, mchungaji alikuwa ndugu, mzee mmoja aliyekuwa hajasemezana na Baba kwa sababu ya mpaka wa shamba naye akawa ndugu. Tulisalimiana kwa kukumbatiana na kuimba. Mtu akiugua, ndugu walimlimia. Mtu akifiwa, ndugu walijaa uani hadi siku ya mwisho ya matanga. Nataka nilisemee haki jambo hili, maana katika habari ninayoeleza mtu anaweza kudhani nawadharau. Siwadharau. Kama si wao nisingesoma, kwa kuwa Baba alikuwa haoni sababu ya kumsomesha msichana, na ni ushirika uliomsihi mpaka akalegea.

Nikasoma shule ya wasichana ya misheni, nikarudi Nshamba kufundisha darasa la kwanza. Nilikuwa na mshahara wangu mdogo, viatu vya kamba, na ulimi. Ulimi huo nilikuwa nao tangu utotoni, shule iliunoa tu.

Sasa mtoto wa Rubafu. Nilionana naye kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, kwenye mkutano mkubwa wa walokole mjini Bukoba, tulipokuwa tunabeba mabenchi kutoka shuleni kuyapeleka uwanjani. Alishika upande mmoja wa benchi, mimi nikashika mwingine. Alikuwa karani bandarini Kemondo, akiandika magunia ya kahawa yanayopakiwa melini, na alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu, jambo lililoniudhi. Nilijua ni mtoto wa nani. Lakini kujua kwa jina ni kitu kimoja, na mimi sikuwahi kula naye, kuoga naye mtoni wala kugombana naye tulipokuwa wadogo. Kwangu alikuwa kijana mgeni mwenye mikono misafi. Aliniita "dada katika Bwana" kwa sauti ya kunitania, nami nikamwambia abebe benchi aache maneno. Akaanza kuniandikia barua. Baada ya mwaka mmoja alikata shauri kunioa, na mimi nilikuwa nimekwisha kukata la kwangu kabla yake.

Kwa walokole hata mapenzi yaliwekwa nuruni. Hakunifuata kichochoroni. Alimweleza fundi, fundi akaueleza ushirika wa wazee, wazee wakaomba, wakaona ni jema, wakampelekea Baba habari. Baba akasikiliza mpaka mwisho. Akajibu, "Nitaomba."

Wakaenda kwa baba mdogo, baba wa kijana. Naye akajibu, "Nitaomba."

Wakaomba! Mvua za vuli zilikuja zikaisha, wao wanaomba. Senene wakaja, tukawala wakaisha, wao bado. Na muda wote huo walikuwa pamoja kila siku. Walipogoa migomba pamoja, walianika kahawa pamoja, walikwenda misibani pamoja, wala hawakutamkiana neno moja juu ya mimi na yule kijana. Nilijua kwa sababu nilitega sikio. Kazini nilianza kuwafokea watoto wa watu kwa makosa madogo. Barua kutoka Kemondo ziliuliza kuna habari gani, na mimi nilijibu kwamba wazee bado wanazungumza na Mungu, na Mungu inaelekea hana haraka.

Mwishowe nilimbana Mama jikoni. Nilimwuliza Baba ana nini na kijana huyu, ana kasoro gani. Mama alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya.

"Hana kasoro," akasema. "Ni kaka yako."

"Mama, walikwisha kuukana mukago. Walisimama kanisani, sote tuliona."

"Niliona. Na mimi nilipika mchana ule, wakala jani moja."

Ndipo nikaelewa. Nilijisikia nimeonewa vibaya sana. Baba alikuwa ameniambia maisha yangu yote kwamba mambo yale ni giza, kwamba punje ya kahawa ni punje ya kahawa tu. Alikuwa amenichapa siku moja kwa kuvaa hirizi niliyopewa na bibi. Na leo punje ile ile ilikuwa inakaa katikati ya mimi na mume. Nilimwambia Mama kwamba Baba ni mnafiki. Mama aliweka kisu chini akaniangalia mpaka nikaomba radhi.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa anasumbuka. Alivaa nguo zake za kanisani akaenda kumwona mchungaji, nikaenda naye. Mchungaji wetu alikuwa Mhaya, mtaratibu, aliyesoma. Alitukaribisha barazani akasikiliza. Akasema kanisa halitambui mukago, kwa hiyo mbele ya kanisa hakuna kizuizi, ndoa inaweza kutangazwa hata kesho.

"Nimefahamu, waitu," Mama akasema, akitumia neno letu la heshima. "Naomba kuuliza jingine. Tunafundishwa kwamba undugu wa katika Kristo ni wa kweli kuliko huo wa kahawa."

"Naam."

"Basi watoto wa kanisa zima ni ndugu kweli kweli. Wataoana vipi?"

Mchungaji akatabasamu. Akaeleza kwamba undugu wa Kikristo ni wa kiroho, na hauzuii ndoa.

"Na hauzuii nini kingine?" Mama akauliza. Hakuuliza kwa kejeli, alitaka kujua. "Ule mwingine unazuia mengi. Humnyimi mtu, humwachi, humwozi mwanao. Ndiyo maana mtu anausikia mwilini. Huu usiozuia kitu mtu anaujuaje kwamba anao?"

Mchungaji akasema ni swali zuri, na kwamba huu nao unazuia, unazuia chuki, na unadai zaidi ya ule wa damu kwa sababu unadai kwa ajili ya watu wote. Nadhani alijibu vizuri. Mama alishukuru, tukashika njia. Tulipofika mtoni akasema, "Watu wote ni wengi."

Mimi nilitoka pale nikiwa nimeshika jibu moja tu, kwamba hakuna kizuizi. Mengine niliyaacha barazani kwa mchungaji. Nikapiga moyo konde.

Ushirika ulikutana kila Alhamisi alasiri katika darasa langu, watu wazima wakiwa wamekunja magoti kwenye viti vya watoto. Siku hiyo walikuwapo kama thelathini. Baba na baba mdogo walikaa benchi la nyuma, pamoja kama siku zote. Wimbo ulipokwisha, fundi akauliza nani ana neno la kuweka nuruni. Nikasimama. Nilisema nina uchungu moyoni na baba yangu. Kumtaja mzazi wako namna hiyo kulikuwa jambo la kutisha hata kwa walokole, na mimi nilijua hivyo, na ndiyo sababu nilichagua kulifanya pale asipoweza kusema ataomba.

"Taata," nikasema, "wewe na baba mdogo ni ndugu?"

"Ni ndugu katika Bwana," Baba akajibu.

"Kama nani? Kama ndugu fundi hapa?"

Fundi akakaa vizuri kwenye kiti.

"Nauliza, Taata, kwa sababu mlisema kanisani kwamba mukago si kitu. Kama si kitu, mimi na mtoto wake hatuna shida. Kama ni kitu, basi mlisema uongo mbele ya Mungu siku ile, na mnapaswa kuuweka nuruni. Sisi watoto wenu tufuate lipi? Yeye ni ndugu yako kama fundi, au ni zaidi?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa siku tatu. Nilijivunia namna yalivyokaa, sina sababu ya kuficha. Nilimfunga Baba kila upande, kama ninavyomfunga mtoto anayedai daftari limeliwa na mbuzi.

Baba alimgeukia mwenzake. Baba mdogo alikuwa anatazama mikono yake. Naona walikaa hivyo kwa muda ambao mtu anaweza kusoma Baba Yetu, au labda ulikuwa mfupi zaidi na mimi naunyoosha. Kisha Baba akasema, "Kama fundi."

Fundi akamgeukia yule mwingine. "Na wewe, ndugu?"

"Kama fundi," baba mdogo akasema. "Zaidi ya hapo hapana."

Watu wakaanza kuimba kwa nguvu. Wanawake walinikumbatia. Fundi alikuja kunishika mkono, macho yakiwa na machozi, akasema Bwana ametumia mdomo wa msichana kuvunja ngome ya zamani. Nilikuwa na furaha kubwa. Jioni ile ile niliandika barua ya Kemondo, kurasa nne.

Mambo yakaenda haraka. Wiki chache baadaye baba mdogo alikuja kuposa rasmi, na msemaji wao na wazee wawili wa ukoo wake waliotoka Rubafu. Alivaa koti. Alisimama nje ya ua wetu na kungoja, kama desturi inavyotaka, mpaka msemaji wetu akamkaribisha. Baba naye alikuwa amevaa koti, ameketi kwenye kiti, akawa anaongea kupitia mtu mwingine na mwanaume ambaye alikuwa amembeba mgongoni. Mama akaniita jikoni aninong'oneze. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu yule kuonyeshwa mahali pa kukaa nyumbani mwangu," akasema. Nilifikiri ananilaumu, nikamjibu kwamba ni mambo ya siku moja, yatapita.

Hayakupita. Hapo ndipo palipokuwa na kosa langu, na nashangaa mpaka leo kwamba mimi mwenye akili zote zile sikuliona. Nilikuwa nimepigana kuhusu damu, nikasahau kabisa ukwe. Kwetu mkwe ni mtu wa heshima. Hutaniani naye, huli naye jani moja, huingii jikoni kwake, na mkikutana njiani unajiweka sawa kabla ya kumwamkia. Haidhuru ni mlokole au nani. Baba na baba mdogo hawakuweza kuwa ndugu na wakati huo huo wakwe, hakuna Mhaya anayejua kufanya vyote viwili. Kulikuwa na nafasi ya kimoja, na nikawachagulia.

Nikaolewa. Harusi ilikuwa nzuri, kwaya iliimba, sina malalamiko. Mume wangu alikuwa mtu mwema, alikuwa hivyo mpaka mwisho, na ningerudishwa siku ile ningeolewa naye yeye yule. Kwanza nilikaa miezi miwili nyumbani kwa wazazi wake wakati yeye anatafuta chumba Kemondo. Nilidhani itakuwa rahisi, kwa kuwa nyumba ile niliijua tangu utoto. Nilikuwa nimelala humo, nimetapika humo, nimefundishwa na baba mdogo humo kusuka kamba ya maganda ya migomba. Lakini sasa nilikuwa mke wa mwanawe. Nilipoingia sebuleni alitoka. Nilipoleta chakula alitazama pembeni mpaka nilipoondoka. Alinijibu salamu kwa maneno ya adabu kabisa, kwa wingi, kama mtu anayezungumza na mke wa mwalimu. Hakuwa na hasira nami. Alikuwa ananiheshimu. Siku moja nilimtania kama zamani, nikamwambia kamba yake imelegea kama mlenda, naye akanywea, akajibu, "Ndiyo, waitu," akaiweka chini. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nilikuwa nimempoteza baba mdogo wangu, na hakuna aliyeninyang'anya, nilimtoa mwenyewe.

Baba na yeye waliendelea kuonana kanisani. Walikumbatiana kama ndugu wote wanavyokumbatiana, wakiimba. Alhamisi walikaa mabenchi tofauti. Si kwa ugomvi, mtu asidhani. Nilimwuliza mama mkwe kama wamekoseana, akasema hapana, mbona wanaombeana vizuri tu. Migomba kila mmoja alipogoa ya kwake. Siku Baba alipoanguka kutoka kwenye ngazi akaumia nyonga, ushirika ulimlimia kibanja chake chote, na baba mdogo alikuwa miongoni mwa walimaji, mtu wa kumi na kitu kwenye mstari, na jioni akarudi kwake pamoja na wengine. Mama ndiye aliyenisimulia. Alisema alimpikia kama alivyowapikia wote.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza tulikuwa tumekwisha kuhamia Kemondo, chumba kimoja karibu na bandari. Baba alikuja kumwona mjukuu. Alipanda lori la kahawa kutoka Nshamba na mkungu wa ndizi na kuku wawili, akawa bado anachechemea. Alimpakata mtoto muda mrefu. Mume wangu alikuwa kazini. Jirani yangu, mama mmoja Mwislamu aliyekuwa ananisaidia kumwogesha mtoto, alituachia chai akatoka ili tuzungumze.

Kwa siku nyingi nilikuwa na jambo la kumwambia, na nilikuwa nimelipanga pia, kwa kuwa siachi tabia yangu. Nilitaka kumwambia kwamba mtoto huyu ana damu yake na damu ya baba mdogo, zote mbili, kwa halali, mbele ya kanisa, na kwamba kile walichokitafuta ujanani kwa wembe na kahawa wamekipata sasa. Nikamwambia. Baba akasikiliza kwa adabu.

"Ni kweli," akasema. "Ni mjukuu wetu."

"Basi mbona hamtembeleani, Taata?"

"Tunaonana kanisani."

"Sisemi kanisani. Mbona hamwendeani nyumbani, kama zamani?"

Baba akamgeuza mtoto, akamlaza begani upande mwingine. Hakukasirika. Ningependa angekasirika, maana na mimi ningepata la kujibu.

"Mwana wange," akasema, "ulituuliza mbele ya watu kama sisi ni ndugu. Tukajibu hapana. Ulitaka tufanye nini baada ya hapo?"

Mtoto akaanza kulia, nikamchukua nikamnyonyesha, na Baba akatoka nje kuulizia lori la kurudi.